Breki Iliyonyamazishwa

Kila siku alipotoka shule, Tone alifanya mambo matatu kwa mpangilio uleule. Alivua sare na kuitundika, akanywa vikombe viwili vya maji akiwa amesimama, kisha akachukua kopo lake la mafuta na kutoka nje kutafuta kitu kinacholia.

Kopo lenyewe lilikuwa dogo, la bati, lenye mdomo mrefu na mwembamba. Ukilibonyeza tumbo lilitoa tone moja, halizidi wala halipungui, na hapo ndipo msichana alipopatia jina lake la mtaani. Mlango wa mshona nguo ulikuwa ukilia kila mteja alipoingia; Tone aliutilia mafuta, ukanyamaza. Vivyo hivyo cherehani yake, geti la jirani, gurudumu la toroli la muuza maji na bawaba za madirisha ya kule ng'ambo ya barabara. Mama mmoja wa nyumba ya pili alilalamika kwa utani kwamba geti lake sasa halisemi kitu, na mumewe anaingia kwa kuchelewa bila kushtakiwa. Tone alikuwa na miaka kumi na miwili, na alitembea kifua mbele. Katika mtaa mzima hakikulia kitu.

Mama yake alikuwa fundi wa baiskeli. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa karakana. Spana zilitundikwa ukutani kwa ukubwa wake, na nyuma ya kila moja palichorwa umbo lake kwa rangi nyeupe, ili moja ikikosekana ionekane tangu mlangoni. Watu wote walimwita Fundi, na Fundi alikuwa na sheria moja ambayo hakuiandika popote wala hakuivunja: breki haitoki hapa mpaka aliyeifunga ameshuka nayo mwenyewe. Mbele ya nyumba palikuwa na mteremko mfupi ulioishia kwenye ukuta wa mawe. Fundi hupanda baiskeli ya mteja, akaiachia, akabana breki mara tatu: penye nguzo ya umeme, penye mlango wa mshona nguo, na hatua mbili kabla ya ukuta. Wateja wapya walidhani ni mbwembwe. Yeye huwajibu kwamba kama haamini kazi ya mkono wake mwenyewe, hawana sababu ya kuiamini wao.

Juma lile kazi kubwa ilikuwa baiskeli ya shangazi yake Tone, dada wa baba yake. Shangazi alikuwa mkunga. Aliwazalisha akina mama zahanatini asubuhi, na mchana akawafuata makwao walioko bondeni, ng'ambo ya daraja, begi lake likiwa limefungwa kwenye keria. Baiskeli yake ilikuwa ya milimani, yenye foku ya springi, ule uma wa mbele unaoshika gurudumu, inayomeza mashimo, lakini breki zake zilikuwa zile za raba zinazobana ringi. Wakati wa mvua ringi ikilowa tope, raba huteleza tu. Msimu uliopita alikwenda nazo moja kwa moja mpaka mtaroni. Alipolisimulia jambo hilo aliwavunja watu mbavu, jinsi alivyoketi ndani ya maji akiwa ameinua begi juu kama mtoto anayebatizwa. Lakini alichechemea wiki tatu, na Fundi alipokuwa akicheka pamoja na wengine alikuwa tayari anaitazama ile foku kwa jicho la kazi.

Foku ilikuwa na masikio mawili madogo ya chuma upande wa kushoto, chini, yenye matundu ya bolti. Masikio hayo ndiyo yaliyompa Fundi neno la kusema: wifi, hapa panaingia breki ya diski. Ikatafutwa breki, likatafutwa gurudumu la mbele lenye habu, yaani kitovu, ya kubeba diski. Vilipofika, Fundi alimwita binti yake, akampa alenki, ule ufunguo wa pembe sita, na kumwambia, "Leo unafunga wewe. Mimi nitatumia macho tu."

Tone alihisi masikio yake yanapata joto. Alikwisha kuziba pancha, kunyoosha spoki na kubadilisha minyororo, ila breki hakuwahi kukabidhiwa.

Kwanza mama yake alimtuma akanawe kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Kisha alimpa ile diski, bamba jembamba la chuma lenye matundu matundu, akamwonya aishike ukingoni tu, kama anavyoshika picha ambayo haijakauka. Tone akaishika hivyo. Hakuuliza sababu, alidhani ni kwa ajili ya kulinda mng'aro. Akaifunga kwenye habu kwa skrubu sita, akikaza moja kisha ile inayoitazama, ili bamba lisipinde. Akalirudisha gurudumu kwenye foku. Akaipandisha kalipa, ule mdomo wa chuma wenye pedi mbili ndani yake, akaifunga kwenye yale masikio mawili, akavuta waya hadi kwenye mkono wa breki juu ya usukani.

Pembeni, juu ya ndoo iliyofunikwa, alikaa rafiki yake wa darasani aliyeitwa Redio. Msichana huyo hakuwa na swichi ya kuzimia. Alitangaza kila skrubu iliyoingia, akahoji kwa nini breki iko kushoto na si kulia, akajijibu mwenyewe, akajibishana na jibu lake.

Kazi ikiwa ukingoni, mtu alikuja mbio kumwita Fundi. Mkokoteni ulikuwa umevunjika gurudumu njiani na kuziba barabara, na madereva walikuwa wanapiga honi kama harusini. Fundi aliikagua kazi ya binti yake, akagusa kila bolti, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika.

"Ishushe mteremko," alisema. "Ikikuambia chochote, usiiguse. Nisubiri."

Tone alishuka. Penye nguzo ya umeme alibana breki, na baiskeli ikasimama pale pale. Lakini ilipiga yowe. Lilikuwa yowe jembamba, refu, la kupasua meno. Mshona nguo alitoa kichwa nje. Penye mlango wake ikapiga la pili, na mbele ya ukuta la tatu, baya kuliko yote. Watoto waliokuwa wanacheza mpira walidondoka chini wakiziba masikio, na Redio alikuwa amesimama juu ya ndoo yake.

"Habari zilizotufikia hivi punde," alitangaza. "Tone amenunua mbuzi, na mbuzi hataki kuuzwa."

Mtaa mzima ulicheka. Tone alipandisha baiskeli bila kumtazama mtu, shingo imekaza. Angechekwa kwa jambo lingine lolote, angevumilia. Lakini kuchekwa kwa ajili ya kelele, yeye, aliyenyamazisha kila mlango wa mtaa huu? Aliingia karakanani, akachukua kopo lake, akaizungusha diski polepole na kuibonyezea tone moja upande huu na tone moja upande ule. Akabana breki. Kimya. Akazungusha tena, akabana tena. Kimya kitamu, laini kama kitambaa.

Hata kabla hajalirudisha kopo mahali pake, shangazi alitokea mlangoni, sare yake nyeupe imepigwa pasi, begi begani. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na mawingu yalikuwa yanajikusanya upya. Alitaka kumwona mzazi wa juzi kule bondeni na kurudi kabla hayajafunguka.

"Umeshuka nayo, mwanangu?"

"Nimeshuka, shangazi."

"Inashika?"

"Inashika."

Maneno yote mawili yalikuwa ya kweli. Yalikuwa ya kweli robo saa iliyopita. Shangazi alimbana shavu, akafunga begi kwenye keria, akasema anapitia kwanza zahanatini kuchukua vifaa, akaondoka akiisukuma baiskeli kuipandisha kilima.

Fundi alirudi muda mfupi baadaye, mikono imejaa grisi ya mkokoteni. Aliuliza kama Tone ameshuka nayo, naye akajibu ndiyo. Aliuliza imesema nini.

"Haikusema kitu," Tone alijibu. "Inashika vizuri."

Redio alifungua mdomo. Tone alimkazia macho, na kwa mara ya kwanza tangu ajulikane, Redio akaufunga.

Mezani palikuwa na kibahasha kidogo cha pedi za akiba zilizokuja pamoja na breki. Fundi alitaka kuziweka kabatini, lakini kabla ya kuzigusa alikwenda kunawa, kwa sabuni, mara mbili, akajifuta kwa kitambaa safi. Tone alimtania kwamba ananawa kama shangazi anapokwenda kuzalisha.

"Afadhali yeye," mama alisema, "mimi nikikosea siwezi hata kumpa mtu sindano. Pedi hizi zinakunywa. Ukizigusa kwa kidole chenye mafuta, zimekunywa. Diski nayo ni hivyo hivyo. Breki inashika kwa sababu pedi na diski zinakwaruzana, sasa ukiweka utelezi katikati, kitashika nini?"

Tone aliuliza, kwa sauti iliyotoka ndogo kuliko alivyokusudia, kwamba je, kama ni tone moja tu.

"Tone moja linatosha. Hiyo si breki tena, ni pambo."

Karakana iliendelea kuwa ile ile, spana ukutani, harufu ya mpira, ndoo ya Redio. Ni Tone tu aliyehisi kwamba sakafu imetoka chini ya miguu yake. Aliona barabara ya bondeni kama vile anaitazama kwa macho: mteremko mrefu, kona tatu, lami iliyolowa, na chini kabisa njia panda wanapopita malori ya kokoto. Breki ya nyuma ilikuwa bado ile ya raba, imelika mpaka mwisho. Zamu yake ya kubadilishwa ilikuwa wiki ijayo. Kulikuwa na muda wa kutumaini. Pengine mafuta yangekauka. Pengine shangazi angeshuka kwa miguu. Pengine hakuna ambaye angejua. Mambo hayo yote yalipita kichwani kwa haraka, na yote yalikuwa na sura ya uongo.

"Mama, ililia," alisema. "Ililia sana, wakanicheka. Nikatia mafuta kwenye diski. Halafu sikushuka nayo tena."

Fundi hakupaza sauti. Aliuliza jambo moja tu, shangazi ameondoka lini, na alipojibiwa alikuwa tayari ameshika simu. Iliita mpaka ikakata. Shangazi hakuwa mtu wa kupokea simu juu ya baiskeli, na simu yake ilikaa ndani kabisa ya begi, chini ya glavu na pamba.

"Pita ngazi," mama alisema. "Mimi nazunguka na barabara."

Ngazi zilipanda nyuma ya nyumba, mia moja na kitu, zenye kingo zilizomeguka. Tone alizipanda kila siku kwenda shule akizihesabu kwa uvivu. Leo hakuhesabu. Alizirukia mbili mbili, mkono mmoja ukutani, ndala moja ikabaki katikati ya njia, akaiacha. Pumzi ilianza kumchoma kooni. Alimkuta bibi mmoja anashuka na mzigo, akajibandika ukutani kumpisha na kumwamkia kwa sauti isiyotoka, kisha akaendelea. Juu kabisa, ngazi zinapotokezea barabarani, ndipo mteremko wa bondeni unapoanzia.

Shangazi alikuwa pale. Alikuwa juu ya baiskeli, mguu mmoja kwenye pedali na mwingine chini, anakaza kilemba chake ili upepo usikichukue. Alimaliza fundo. Akashika usukani. Mguu wa chini ukainuka.

Tone hakuwa na sauti ya kuita. Alijitupa na kuing'ang'ania keria kwa mikono yote miwili, akakaa chini kabisa kwenye lami, kama punda aliyegoma.

Baiskeli ilisogea hatua moja, ikakwama. Shangazi aligeuka akiwa na maneno makali mdomoni, akakuta ni mtoto wa kaka yake, mguu mmoja mtupu, anahema kama amefukuzwa na nyuki.

"Usishuke," Tone alisema alipopata pumzi. "Niliipaka mafuta. Diski. Nilikwambia inashika, haishiki."

Shangazi alishuka taratibu. Alibana mkono wa breki hadi mwisho, akaisukuma baiskeli mbele. Gurudumu la mbele lilizunguka bila kulalamika, laini, kimya, kama hakuna aliyebana kitu. Akaisukuma tena. Kisha akatazama kule chini, ambako lori la kokoto lilikuwa linavuka njia panda pole pole, akalitazama mpaka likapotea. Alitafuta jiwe la kukalia, akaketi.

Halafu mabega yake yalianza kutikisika, na Tone alidhani analia, kumbe anacheka, kicheko kile kile cha mtaroni.

"Mwanangu," alisema akijifuta macho, "ungechelewa kidogo, leo wangenizalisha mimi."

Hapo ndipo Tone alipolia. Alilia kwa sauti, pua na macho, na kila alivyolia ndivyo kifua kilivyozidi kuwa chepesi. Shangazi alimkumbatia bila kujali sare nyeupe. Hivyo ndivyo Fundi alivyowakuta, alipofika juu ya baiskeli ya mteja, jasho linamchuruzika: mmoja analia, mmoja anacheka, na baiskeli imelala chini kati yao, haina dhambi. Fundi alishuka, akaegemea mti, akafumba macho kidogo. Alipoyafumbua alikuwa fundi tena.

Kutoka mfukoni alitoa alenki na kile kibahasha cha pedi za akiba. Akasema kilichopungua ni kitu cha kukata mafuta, na kwamba itabidi mtu arudi chini. Shangazi alifungua begi lake na kutoa chupa ya spiriti na bunda la pamba.

"Ninayosafishia ngozi kabla ya sindano," alisema. "Mgonjwa wenu ataivumilia?"

Fundi alimkabidhi Tone alenki. Tone alirudi nyuma nusu hatua. Alisema kwamba mama afanye yeye. Mama yake aliingiza mikono yake mwenyewe mifukoni na kuiacha humo.

Basi Tone alinawa kwa spiriti. Alilitoa gurudumu. Shangazi alinyoosha kidole kuujaribu mkono wa breki, na Fundi akamzuia kwa haraka, "Wifi, usibonyeze ikiwa haina diski ndani, pedi zitahama mahali pake," naye akauondoa mkono wake kama mtoto aliyekatazwa sukari. Tone aliisugua diski kwa pamba, pamba ikatoka nyeusi. Akachukua nyingine, ikatoka kijivu. Ya tano ikatoka nyeupe kama ilivyoingia. Pedi zilizokwisha kunywa aliziweka kando, akaingiza mpya akizishika kwa upande wa nyuma. Gurudumu likarudi mahali pake.

"Sasa tuulize ilikuwa inalia nini," mama alisema.

Alimwonyesha binti yake achungulie katikati ya kalipa. Mwanga ulionekana upande mmoja wa diski. Upande wa pili haukuonekana hata uzi. Kalipa ilikaa kombo kidogo. Diski ilikuwa inasugua kila ilipozunguka, na ikibanwa inapiga yowe. Tone alilegeza zile bolti mbili, akabana mkono wa breki ili mdomo ujinyooshe wenyewe juu ya diski, na akiwa bado amebana akazikaza moja moja, kidogo kidogo. Akachungulia. Mwanga pande zote mbili.

"Ni hivyo tu?" aliuliza.

"Ni hivyo tu. Dakika mbili."

Ikabaki sheria. Tone alipanda baiskeli na kwanza alikwenda na kurudi kwenye tambarare, akibana na kuachia, kwa sababu pedi mpya zinahitaji kuzoeana na diski. Alifanya hivyo mara ishirini, na kila mara alihisi breki inazidi kuota meno. Kisha akashuka sehemu ya juu ya mteremko, kabla ya kona ya kwanza, mama akikimbia pembeni yake mkono ukiwa karibu na usukani. Alibana. Foku iliinama mbele kama inasalimia, na baiskeli ikasimama. Ilitoa sauti ndogo ya mkwaruzo, hrrr, kama ya mtu anayesafisha koo. Alibana mara ya pili na ya tatu. Hakutaka safari ile iishe.

"Umeshuka nayo?" shangazi alimuuliza aliporudi.

"Nimeshuka. Na baada ya kushuka sijaigusa."

Shangazi akapanda, akaenda. Walisimama kumsikiliza. Hrrr, kona ya kwanza. Hrrr, kona ya pili. Kona ya tatu hawakuisikia, lakini waliiona sare nyeupe ikisimama njia panda, mguu chini, ikapisha lori, ikavuka daraja. Fundi alishusha pumzi ndefu, na Tone akagundua kwamba alikuwa ameibana ya kwake pia.

Walirudi kwa ngazi, mama akiwa amebeba baiskeli ya mteja begani, Tone akitafuta ndala yake. Katikati ya njia waliikuta. Mama alisimama, akasubiri aivae, kisha akasema aliyokuwa ameyaweka tangu kule juu.

"Kutia mafuta ni kosa, lakini hukujua, na ningepaswa kukwambia sababu pale pale nilipokuonya. Hilo tunagawana. Lakini nilikuuliza imesema nini, ukaniambia haikusema kitu. Na shangazi yako ulimpa nusu ya ukweli. Ile nusu uliyobaki nayo ndiyo iliyokuwa inashuka naye bondeni."

Tone aliitikia kwa kichwa.

"Kitu kikilia, kina jambo kinasema. Kiulize kwanza. Na ukikosea, lia na wewe, mapema, watu wasikie. Leo ulilia kwa kuchelewa, ila ulilia. Ndiyo maana tunatembea hivi, na shangazi yako anakunywa chai kwa watu."

Karakanani walimkuta Redio bado amekaa juu ya ndoo, uso umesawajika kwa mzigo wa habari ambayo hakuitangaza. Tone alimwambia kwamba shangazi yuko salama na kwamba anaweza kutangaza yote, tangu tone la kwanza hadi mwisho. Redio alimtazama Fundi kupata kibali, akakipata, akatoka mbio.

Kesho yake, baada ya vikombe viwili vya maji, Tone aliitwa kwa mshona nguo. Mlango ulikuwa umeanza kulia tena. Alikwenda na kopo lake mkono mmoja, lakini hakulibonyeza. Aliufungua mlango, akaufunga, akaufungua, akainamisha sikio. Kisha alichuchumaa na kukuta bawaba ya chini inaning'inia kwa skrubu moja. Nyingine mbili zilikwisha kudondoka, na mlango mzima ulikuwa unaegemea upande ambao siku moja ungemwangukia mteja.

Aliliweka kopo chini, akarudi nyumbani kuchukua bisibisi.